Kopi ya Tatu ya PV

Jumamosi, 2 Machi 2002

Mukutano wa klabu ya ordinatera, chumba cha nyuma kwenye paroisse ya padri. Watu saba, kompyuta mbili, moja haina panya. Nimetembea tangu kwetu Kasha kwa matope, viatu mukononi. Nilichoka mbele hatujaanza.

Somo la leo: kulinda siri zetu kwenye internet. Papa Déo, prezida wetu, mwalimu wa fizike, alifundisha vizuri. Mot de passe, lile neno la siri la kufungua, isiwe jina la mutoto. Isiwe tarehe ya kuzaliwa. Usiambie mutu. Wote wakachagua mupya. Kisha wote wakaanza kulia kwamba watasahau! Basi mimi sekretere nikaandika katika PV, ripoti ya mukutano: jina, mot de passe, sahihi pembeni. Kazi safi, nilijisifu.

Espérance alisaini wa mwisho. Ni muuguzi, jirani yangu. Bwana yake ni askari wa serikali, vita ilimuacha Kinshasa, na huku kwetu mashariki wanatawala waasi. Hapa mutu akipokea barua ya askari wa Kinshasa anaitwa mupelelezi, na waliochukuliwa kwa jina hilo hatujawaona tena. Espérance na bwana yake hawajaonana miaka mitatu na nusu. Ile sanduku ya mail njo ndoa yao.

Jumanne, 5 Machi

Ripoti za ofisi kutwa. Mugongo unauma. Saa ya mapumziko nilipiga PV ya klabu kwa mashine, kopi tatu kama kawaida: ya klabu, ya padri, ya chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Bila kopi ya chef hakuna ruhusa ya kukutana. Nilipeleka mwenyewe. Akanisifu: "Maman Aline, PV zako zinasomeka."

Nilirudi nimefurahi. Mujinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Pagne ya kitenge, kupanga mustari, jua, hotuba. Katikati ya hotuba ya pili ikanijia.

Annexe, ile karatasi ya mwisho ya PV. Nilipiga na annexe. Majina yote na mot de passe zote, kwenye kopi ya chef. Na kila mutu anajua makaratasi ya chef yanapanda kwa watu wa usalama wa waasi.

Nikatoka mustarini, nikakimbia na pagne yangu ya sikukuu mupaka ofisi ya quartier. Imefungwa. Nilisimama pale nikitazama kufuli.

Jumamosi, 9 Machi

Chef alikuwepo. Kopi ilipanda Alhamisi. "Iko shida gani, maman?" Nikasema nilikosea tarehe. Akasema tarehe si kitu.

Nikaenda kwa Espérance. Alikuwa anafua. Nilimwambia yote nimesimama mulangoni, sikuthubutu kukaa. Hakunitukana. Alisuuza nguo ile mupaka maji yakawa meupe, akaanika, njo akaniangalia.

"Twende tuibadilishe. Leo."

Tulishuka muji. Cyber zote giza. Wanasema mashine moja ya barrage ya umeme imekufa, hawajui mupaka lini.

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuna umeme.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna umeme. Wanaume wawili walifika hospitali kuuliza Espérance anaingiaka kazi saa ngapi. Hawakusema wao ni nani. Viatu safi, na matope yote haya.

Sikula. Papa Déo amepita, amesema tusitafute nani mwenye kosa. Kutafuta nini, mimi si nipo hapa? Nina hasira naye, na somo lake, na chef, na mikono yangu hii inayopenda kupiga mashine.

Jumatano, 13 Machi

Umeme umerudi saa ine asubuhi. Tulikuwa wa kwanza cyber: Espérance, Papa Déo, mimi.

Sanduku likafunguka. Kulikuwa na barua mupya ya bwana yake, ya Jumapili. Barua ambayo haijafunguliwa inakuwa na maandishi manene. Hii maandishi yalikuwa membamba. Papa Déo aliweka kidole juu yake. Mutu amemutangulia Espérance kuisoma; watu wa usalama wana jenereta yao.

Mimi nikasema tubadilishe mot de passe, tuondoke. Papa Déo akakataa. "Wakimuita watamuuliza ile mupya. Utamuambia akatae? Ifutwe sanduku yote."

Ni kweli. Espérance aliitika kwa kichwa. Akaomba bic anakili ile barua. Nilimukataza. Kwenye barrière za askari njiani wanapekua hata nguo za mutoto. Nikamwambia: soma, shika kichwani.

Papa Déo akatoka nje. Mimi nikageuza kiti, nikaangalia ukuta. Iwe mara moja, katika klabu yetu, mutu aheshimu siri ya mwenziwe. Nilisikia anasoma chinichini, anavuta makamasi, anaanza tena. Koneksyon ya internet ikaanza kulegalega. "Fanya mbio," nikamwambia.

Barua za miaka mitatu na nusu. Kufuta ilichukua dakika moja.

Jumamosi, 16 Machi

Espérance amekwenda Luvungi kwa mama yake, mutoto wao wa miaka mitatu mugongoni. Alipita kwangu mbele ya kupanda gari. Tuliongea tumesimama.

Bwana yake aliandikaka kwa adresi za mail za watu wengine, leo ya huyu, kesho ya yule. Katika ile barua alisema mwenye adresi ya mwisho anahama, asijibu huko tena. Yeye bwana amefikia kwa mujomba wake. Espérance amutumie barua ya karatasi kule, kwa mukono wa mapadri. Akaandika jina la avenue, ile barabara, na namba ya nyumba.

Namba iko. Kumi na nane. Jina la avenue limemutoka. Linaanza na K, ao L. Tangu Jumatano analitafuta.

"Maman Aline, wewe unaandikaka kila kitu. Hukuliona?"

Nikamwambia niliangalia ukuta. Nikamwambia nilifanya hivyo kwa heshima.

Akasema, "Ulifanya vizuri." Alisema kweli, hakuwa na uchungu. Akafunga kitenge, gari likapiga honi, akaenda.

Mvua kutwa. Klabu haikukutana. Nimeandika hapa chini majina ya avenue za Kinshasa ninayoyajua, ya K na ya L. Nimepata manne. Mimi sijafika Kinshasa hata siku moja.