Kiingereza cha "Nimepona"

Ilongero, Jumamosi. Joto, na upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mawingu yanajikusanya kila alasiri, yanatuchungulia, halafu yanaondoka zake.

Leo sina neno la leo. Mnaofuata blogu hii kwa ajili ya misamiati mnisamehe, hasa nyie mnaojiandaa na usaili. Najua mmezoea kwamba jioni Madam anaweka neno moja gumu la Kiingereza, maana yake, linavyotamkwa na sentensi ya mfano, kisha tunataniana kwenye maoni. Leo naandika shajara tu, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba ya Baba, maana mtandao wa hapa unashika jiweni tu. Kutoka hapa namwona Baba uani, anapepeta mbegu za alizeti kwenye ungo. Anapepeta, anapumzika. Anapepeta tena, anapumzika. Zamani hakuwa mtu wa kupumzika.

Kwa wageni: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ikungi, na mwaka huu niliamua kufa na Kiingereza. Si hiki cha kuombea maji ya kunywa. Nilitaka kile kirefu, kile ambacho ukikisema mbele ya watu wanaotoa nafasi za masomo, wanaacha kuandika na kukutazama. Nilibandika vikaratasi ukutani, kwenye mlango wa kabati, kwenye mfuniko wa ndoo ya maji. Nikichota maji nasoma neno. Nikisonga ugali nalirudia kwa sauti. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama nimeanza kunena kwa lugha.

Nilikuwa na raha, jamani. Nisidanganye.

Sasa nije kwenye Jumatano. Baba kwa muda mrefu hamezi vizuri. Ilianza na nyama, ikaja ugali, na siku hizi kinachoshuka ni uji na mlenda basi. Hospitalini mjini walimpitisha mpira wenye kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka kupimwa. Jumatano ndiyo tuliitwa kusikiliza majibu. Nikaomba ruhusa shuleni, nikampeleka.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Baba shikamoo, akamuuliza safari, akavuta kiti karibu naye. Karibu na Baba, siyo na mimi. Alikuwa ameshaanza kusema kwa Kiswahili cha taratibu kabisa, "Mzee wangu, yale majibu yetu..."

Mimi nikaingilia.

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba awe huru kufafanua kwa lugha hiyo, nitaelewa. Kwenye kufafanua nikatumia "elaborate", neno lililokuwa kwenye mlango wa kabati wiki hiyo. Nililitamka vizuri mno. Daktari akanitazama, akamtazama Baba, akaniuliza kama nina hakika. Nikajibu "undoubtedly". Hata hilo mlilisoma hapa.

Basi akaeleza. Na balaa ni kwamba nilielewa. Siku zote kwenye mazungumzo ya Kiingereza kuna maneno mawili matatu yananipita, nabaki naitikia kwa kichwa. Jumatano halikunipita hata moja. Ni saratani ya koo la chakula, na imeshasambaa. Akasema "inoperable", yaani haiwezekani kufanyiwa upasuaji. Akasema matibabu yatakuwa "palliative".

Wa zamani mnalikumbuka hilo neno. Niliwawekea hapa na sentensi ya kwamba soda ni palliative ya njaa ya mwalimu: inatuliza tu, haiponyi. Mlicheka. Mmoja wenu akaandika kwamba kwa mfano ule hatalisahau maishani.

Mimi pia.

Muda wote huo Baba alikuwa ubavuni kwangu anatabasamu. Kofia ameilaza magotini, macho yanatoka kwa daktari yanakuja kwangu, yanarudi kwa daktari. Mnisikilize vizuri hapa. Nilipofaulu kwenda sekondari, Baba aliuza maksai wa kulimia ili niende bweni. Maksai wale walikuwa wake na mdogo wake, baba mdogo aliyehamia Kinyangiri. Wakakosana. Mpaka leo hawasemezani, na wote wawili wamezeeka. Kwa hiyo mzee alipokuwa pale akinisikiliza, alikuwa anawasikiliza maksai wake. Alikuwa anaona hawakwenda bure.

Mwishoni daktari akaniuliza kama amweleze mzee kwa Kiswahili, au nitamweleza mwenyewe. Ningesema neno moja tu, mweleze, yangekuwa yamekwisha. Lakini lile tabasamu lilikuwa bado usoni kwa Baba. Nikasema nitamweleza nyumbani, kwa Kinyaturu, aelewe vizuri zaidi.

Nyumbani! Kwenye mchomoko, kile kigari cha abiria cha kurudi Ilongero, Baba alianza na dereva. Akamwambia binti yake amebishana na daktari kwa Kizungu mpaka daktari akakubali. Amekubali nini, hakusema, na dereva hakuuliza. Akawaambia abiria wa nyuma. Tulipofika senta akamwambia muuza vocha. Jioni ile watu walikuja kunipa hongera, na shangazi yangu, dada yake Baba anayekaa naye, alichinja kuku. Baba hawezi kumeza kuku. Nilimla mimi huku ananiangalia, na kila nikisimama ananiambia ongeza, mwanangu, umechoka kwa kuongea.

Shangazi aliniuliza jikoni daktari amesemaje. Nikamwambia amesema ale vitu laini.

Si uongo. Kweli alisema hivyo.

Jana nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilimfuata pale kwenye ungo, nikakaa naye, nikachukua mbegu nami nikachambua. Kichwani maneno yalikuwa tele, yamepanga foleni, na yote ya Kiingereza. Nikatafuta Kinyaturu. Kinyaturu changu kiliishia nilipokwenda bweni. Nilichonacho ni cha mtoto. Najua kusema njoo ule, leta kuni, usilie, mbuzi ameingia shambani. Sijawahi kumwambia mtu mzima jambo zito kwa lugha hiyo. Nikageukia Kiswahili, kazi yangu, ninachokifundisha kila siku. Kikanijia cha redioni na cha ubaoni. Utamwambiaje baba yako "ugonjwa umefikia hatua ya juu" kama unasoma taarifa ya habari?

Nikasema, "Baba, ile dawa uliyopewa ni ya kutuliza."

Akasema, "Ndiyo. Itulie kwanza, ndiyo nipone."

Nikaendelea kuchambua mbegu.

Kinachoniua ni Kinyangiri. Baba hana mambo mengi duniani. Nyumba anayo, shamba kila mtu anajua ni la nani. Ana jambo moja tu, nalo analisema kila siku tangu aanze kuugua: nikipona, nakwenda Kinyangiri kwa mdogo wangu, tuyamalize. Hataki kwenda akiwa mgonjwa, asije akaonekana amekwenda kuomba huruma. Anasubiri apone kwanza. Na mimi peke yangu, katika nyumba hii, ndiye ninayejua kwamba anasubiri kitu kisichokuja. Leo bado anatembea. Leo bado anaweza kupanda gari, akafika, akakaa na ndugu yake wakaongea. Kila siku ninayonyamaza namnyang'anya siku ya safari. Ningekuwa sijui Kiingereza, angejua tangu Jumatano, na pengine saa hizi angekuwa huko.

Nimewaza kumpigia baba mdogo nimwombe aje yeye. Namba yake ninayo. Nimeitazama mpaka kioo cha simu kikazima. Nitamwambia nini? Aje haraka kwa nini? Nikimwambia yeye kabla ya Baba, nitakuwa nimemdharau Baba mara ya pili.

Halafu hapa nilipo, nimewaambia nyie wote. Watu ambao wengi sijawahi kuwaona. Kama kuna mtu wa Ilongero anasoma, nakuomba sana, usimtangulie mzee na hii habari. Sijui hii ni akili ya namna gani, ila ndiyo niliyonayo leo.

Nilidhani nimefika mwisho wa kuumia, kumbe bado. Mchana huu Baba ameniita. Amekaa sawasawa, kofia kichwani, uso wa mtu mwenye shughuli.

"Mwanangu, 'nimepona' kwa Kizungu wanasemaje?"

Nikamuuliza ya nini.

"Tukirudi kliniki nataka nimwambie yule daktari mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ashangae. Nikishamwambia, sirudi hapa, nanyoosha moja kwa moja Kinyangiri."

Kiingereza kina maneno mengi ya kupona, na mimi nayajua karibu yote. Yapo ukutani kwangu, kuna lingine refu mpaka nililikata vipande viwili ili litoshe kwenye karatasi. Nilisimama mbele ya baba yangu mdomo wazi, hakuna hata moja lililokubali kutoka. Yeye akadhani natafuta lililo rahisi kwa mzee. Akanisubiri kwa upole, kama alivyokuwa akinisubiri nikijifunza kusoma.

Nikampa lile la watoto wa darasa la tatu. Nilishindwa kumpa jingine.

Amelichukua kama zawadi. Tangu mchana analifanyia mazoezi. Amemwambia shangazi, shangazi akacheka mpaka akashika mlango. Amewaambia mbuzi. Sasa hivi nikiandika, upepo unaniletea sauti yake kutoka uani, ile sauti iliyokwisha kukauka: "Ai em faini. Ai em faini." Akikosea anajirudia mwenyewe.

Je, nimwambie kesho? Nianze na neno gani? Nyie mnaoniita Madam, mnaoniuliza maana ya kila kitu, kuna anayelijua?

Kesho Jumapili, kabla ya kanisani, nitatoka nje nipige goti nimwamkie kama alivyonilea. Shikamoo, Baba. Ameshaniambia nisitegemee marahaba. Kesho, amesema, ananiitikia kwa Kizungu.