Nusu kwa Meja

Jumatatu, 7 Julai

Vidonge vinane ndani ya ini la kuku. Meja amemeza. Kisha maji, sufuria nzima, na mkojo kama wa ng'ombe mlangoni pa stoo, mahali nilipotoka kupiga deki. Daktari alinionya: dawa hii huleta kiu, njaa na mkojo. Hakuniambia mbwa ataiba. Leo nimemkuta kichwa kimezama ndani ya ndoo ya chakula cha kuku.

Lakini amefika kwenye ndoo kwa miguu yake mwenyewe. Mwezi jana nilikuwa nambeba kama gunia. Kilo ishirini na nane, na mgongo wangu si wa msichana.

Huo mwezi bado unaniuma roho. Muuza dawa za mifugo wa agroveti hapa Njoro alisema ni homa ya kupe. Sindano baada ya sindano, na magoti yanavimba tu. Leo la kushoto, kesho la kulia. Jirani akasema kapigwa jiwe. Kaka yangu Simiyu akasema mbwa ni mbwa, tafuta mwingine. Ni Daktari Chebet wa mjini Nakuru pekee aliyechomoa maji kwenye viungo na kuyapima kabla ya kufungua mdomo. Hakuna mdudu. Kinga ya mwili wa Meja inashambulia viungo vyake mwenyewe. Nilielewa papo hapo. Ni kama kuajiri mlinzi, halafu yeye ndiye anakuvunjia duka.

Kupona kabisa, hakuna. Kuna kutuliza tu. Vidonge vinapunguzwa pole pole, na ukivikatiza ghafla mbwa anaanguka.

Sawa. Nilianza na kuku sita na leo nina mia nne. Kitu cha pole pole nakijua.

Jumatano, 9 Julai

Baridi. Ukungu hadi saa nne, ngano ya jirani haionekani. Mama anauma meno kila akiinuka kitini. Yuko kwangu tangu Pasaka kwa sababu ya kliniki ya magoti. Simiyu ana nyumba kubwa mjini ila nafasi hakuna. Sijui hiyo nyumba imejaa nini.

Mama hajawahi kupenda mbwa ndani ya nyumba. Kwetu Webuye mbwa alikuwa hapiti kizingiti. Sasa wanaota moto wa jiko pamoja, yeye kwenye kiti, Meja kwenye gunia.

"Wagonjwa wawili wa magoti," amesema. "Serikali itujengee wodi."

Sikucheka. Nilitaka kucheka.

Ijumaa, 11 Julai

Chebet kwa simu: shuka hadi vidonge sita. Akaongeza nisimpe dawa yoyote ya maumivu, hasa ya watu, haipatani na hii. Kwani mimi ni mjinga? Dawa za Meja nagusa mimi peke yangu. Ziko juu ya kabati na hakuna mtu anafikia.

Naogopa hivyo vidonge viwili vilivyotoka. Hilo naandika hapa tu.

Jumapili, 13 Julai

Mbaya. Tangu jana anaamka kama meza, miguu haikunjiki. Nikigusa kifundo cha mbele anageuza uso. Halii. Afadhali angelia. Chebet anasema nisubiri, mwili unazoea kipimo kipya, nisiongeze kabla hajamwona.

Simiyu amekuja baada ya kanisa. Amemtazama Meja akijaribu kuinuka, amemtupia mifupa ya nyama choma, akaniita nje.

"Dada Rose, unamtesa huyu. Kuna sindano ya kummaliza, hata hasikii."

"Na wewe ukiumwa magoti nikuitie nani?"

"Mimi si mbwa."

"Mbwa analinda. Wewe unalinda nini?"

Aliondoka bila chai. Vizuri. Sijui watu walioniona nikiuza mayai kwa beseni stendi, wakanipita kama hawanijui, wanapata wapi mdomo wa kunishauri.

Mama alikuwa dirishani.

Jumatatu, 14 Julai

Ametembea! Hadi banda la pili na kurudi. Mkia juu. Chebet alijua. Ni kusubiri tu. Nimeuza trei zote na nimerudi nikiimba ndani ya pikapu, peke yangu, kama kichaa.

Jumanne, 15 Julai

Amekataa ini. Meja, ambaye wiki jana alikuwa anakula chakula cha kuku. Ametapika mara mbili. Rangi ya kahawa.

Sipendi.

Jumatano, 16 Julai

Kinyesi cheusi, kinang'aa kama lami. Ufizi mweupe. Nilimweka kiti cha mbele na sikumbuki barabara ya Nakuru nilivyoipita.

Chebet alimtazama mdomo, akaacha kuongea kwa ile sauti ya upole. Tumbo linavuja damu. Akaniuliza kama kuna dawa nyingine anayopewa. Nikamwambia hapana. Akauliza tena. Nikamwambia hapana tena, na kwamba mimi ndiye nampa kila kitu, kwa hiyo najua.

Basi ni sumu. Nilihesabu siku kurudi nyuma, nikafika Jumapili, nikafika kwenye mifupa. Nilimpigia Simiyu nikiwa palepale kwenye maegesho. Nilimwambia alichotaka kukifanya kwa sindano amekifanya kwa nyama.

"Rose, wewe hukuwahi kujua kuuliza," akasema. "Unajua kuhukumu tu."

Nikakata simu. Meja amelazwa. Gunia lake liko tupu na Mama amelikunja.

Alhamisi, 17 Julai

Ni Mama.

Asubuhi alikuja jikoni akishika ukuta. Aliweka pakiti yake ya dawa ya magoti mezani. Akasema yeye pia alikuwa anamsaidia Meja kidogo. Tangu Jumamosi, alipoona ameshindwa kuinuka. Asubuhi na jioni, ndani ya ugali.

"Ni mdogo kuliko mimi, Rosi. Nikampa nusu."

Nusu ya kidonge chake. Nusu nyingine akameza mwenyewe. Amekuwa akiishi na nusu ya dawa siku zote hizo, kwenye baridi hii, magoti yamevimba kama maboga, ili mbwa apate. Wala Meja hakuamka Jumatatu kwa sababu ya kusubiri. Aliamka kwa sababu ya dawa ya Mama.

Nilipiga kelele. Nilimwambia ameniulia mbwa. Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, akiwa amesimama, na mimi nikiwa nimeketi.

"Ungeniambia ni mbaya ningejua," akasema. Chebet aliniambia Ijumaa. Mimi sikumwambia mtu.

Nilimpigia Chebet. Alisema angalau sasa anajua anapigana na nini.

Ijumaa, 18 Julai

Dripu. Meja hali chakula. Chebet amenieleza bila kuficha: tukiendelea na vidonge kama vilivyo, tumbo litazidi kuvuja. Tukivikatiza, mwili utaanguka. Anapita katikati, kwa sindano ndogo na dawa ya kufunika tumbo. Kesho ndiyo itaamua.

Mama pia hajala. Hatuongei. Kuku tu ndio wana kelele hapa.

Jumapili, 20 Julai

Jana haikuamua kitu. Leo asubuhi amekunywa maji na hayakurudi. Chebet hataki nifurahi. Sifurahi.

Nimerudi nikakuta begi la Mama mlangoni. Amempigia Simiyu aje ampeleke Webuye. Sikumwambia aende. Sikumwambia abaki pia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Simiyu alifika. Aliona begi, akaniona, akaona magoti ya Mama.

"Hakuna mtu anaenda Webuye na magoti hayo," akasema. Akarudisha begi ndani mwenyewe. Safari hii alikunywa chai. Kuhusu ile simu yangu sikusema neno, na yeye hakuuliza. Nitamwambia. Si leo.

Jumatano, 23 Julai

Meja yuko nyumbani. Kilo ishirini na nne. Mbavu zote zinahesabika. Ugali laini na yai la kuchemsha, kidogo kidogo. Kinyesi kimeanza kuwa na rangi ya kinyesi. Sikujua ipo siku nitashukuru Mungu kwa hilo.

Mama anakaa mbali na gunia. Anatazama mikono yake.

Jumamosi, 2 Agosti

Ufizi una rangi ya waridi. Vidonge vinne. Amembwekea kunguru, mara ya kwanza tangu alazwe, kisha akalala kwa uchovu. Chebet anasema huenda vinne vikabaki maisha yake yote, na wiki za baridi zitakuwa ngumu. Nimekubali. Nani hana wiki ngumu.

Mama amemeza kidonge kizima. Nimeona. Alijua natazama.

Jumapili, 10 Agosti

Jana ilibidi niende Kabazi kuchukua mahindi ya kuku kabla madalali hawajafika. Kutoka kabla ya jua. Meja hawezi kupewa vidonge bila chakula, na saa hizo hataki kula.

Nilimwamsha Mama. Nilishusha dawa kutoka juu ya kabati, nikaziweka kwenye meza ndogo, karibu na zake. Nilimweleza. Ya tumbo kwanza. Halafu chakula. Halafu vinne. Akitapika, usirudie, nipigie. Nikamweleza na sababu, moja baada ya nyingine, hadi nikachelewa. Alisikiliza akiwa ameshika blanketi. Aliuliza maswali mawili, na yote yalikuwa ya maana.

Mahindi yalikuwa makavu, mazuri. Simu haikulia.

Niliporudi walikuwa nje kwenye jua, ukutani mwa banda la kwanza, Mama kwenye kiti na Meja amelaza kidevu kwenye mguu wake. Hakuinuka kunipokea. Mkia tu ulipiga vumbi.

"Alikula kwanza, halafu vinne," Mama akasema.

Nikasema asante. Nikaanza kushusha magunia.