Biti Mia na Ishirini

Chanika, Handeni
Jumatano

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia mimi Hilaria, mke wa mwanao Yordani. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa Magoma imekusaidia? Na mahindi ya huko Mpale, mvua imeyafikia? Huku sisi wazima kiasi. Angel ameota meno manne na anauma kila anachopewa, hata kidevu changu. Akisikia hodi anacheka kabla hajajua ni nani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu nimeijaribu. Kila nikikupigia najikuta naulizia kuku. Kwenye karatasi angalau siisikii pumzi yako. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, lakini msomaji wako ameuzoea.

Msomaji ni Obadia, shemeji yangu. Nimemwomba ailete mwenyewe, nikamdanganya kuwa ni habari za mtoto tu. Najua ulisema mguu wake usikanyage tena kwako. Lakini tangu umfukuze hujapata wa kukusomea, na mimi sitaki mtu mwingine aisome hii. Mwache afike mwisho, kisha uamue.

Jicho la Yordani ndiyo basi tena. Daktari ametuambia tusijisumbue na safari za hospitali, la kushoto halitarudi. Kazi anafanya, ila msumari anaupapasa kwanza ndipo aupige. Mteja mmoja alikataa kitanda chake, akamwambia usoni kuwa hawezi kulalia kitanda cha fundi chongo. Sasa mafundi wa jirani wanamwita Chongo, na watoto wamelidaka jina. Akiitwa hivyo anaitika.

Siku ile ya wodini sijaisahau. Obadia alikuja na uji kutoka Korogwe, chupa ameiviringisha kanga usipoe. Uliumwaga kwenye beseni wagonjwa wakitazama, ukamwambia, "Kama ulitaka jicho, chukua na hili langu." Ukasema amemnunulia kaka yake takataka kwa wivu, na kwamba radhi yako asahau. Aliniangalia mimi, akamwangalia Angel aliyekuwa ananyonya, akaokota chupa yake akaondoka. Wazazi wa Ritha, mchumba wake, kule Mashewa waliposikia kuwa mama mzazi amemnyima radhi, walirudisha posa. Ritha mwenyewe naambiwa alilia siku mbili, wakamkemea, akanyamaza.

Sasa nikueleze habari za zile biti, vile vyuma vya kutobolea, maana umevilaani bila kuviona. Ile drili mpya ya Yordani ya betri haifungwi kwa ufunguo kama ile ya zamani. Unavuta shingo yake, unachomeka biti yenye mkia wa pembe sita, unaachia, inalia ta, imekaa. Ukishatoboa unaichomoa, unachomeka ya kukazia skrubu, kazi inaendelea. Kwa hiyo mkia ukipwaya biti inacheza, na chuma kikiwa kibovu inakatika. Obadia anayajua haya, amefunga dari miaka mitatu Korogwe. Siku ya kuzinunua Yordani alikuwa Magoma kupima milango ya mteja. Obadia alibeba drili yenyewe mpaka dukani kwa Mustafa, akawa anachomeka biti mojamoja na kuitikisa. Inayocheza anairudisha. Alitoka na kumi na mbili tu, nyeusi, hazina hata mng'aro, kwenye kiboksi cha kuingia mfukoni. Akaniachia nimpe kaka yake, yeye akawahi gari la Korogwe.

Mama, iliyomtoboa Yordani jicho haikuwa katika zile.

Mimi nilizitazama zile kumi na mbili nikaona aibu. Unakumbuka siku naletwa kwako, shangazi Getruda alitandaza vyombo vyangu mkekani akavihesabu kwa sauti. Sahani sita, vikombe sita. Akauliza kama vingine vimedondoka njiani. Watu walicheka, na wewe ulicheka. Tangu siku ile nikiona kitu kichache kinapelekwa mbele za watu, naona kama nimevuliwa nguo. Nikasema, mume wangu kapata drili mpya, apewe vyuma kumi na mbili? Nikambeba Angel mgongoni nikarudi kwa Mustafa, nikabadilisha kwa bei ileile. Nilichukua sanduku la biti mia na ishirini, zinang'aa kama dhahabu, zimepangwa kama vijiko vya harusi. Mustafa alichomeka moja akaitikisa mbele yangu, ikacheza. Akaniambia, "Dada, hizi ni za mbao laini. Kwenye chuma zitakatika." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamwambia anifungie.

Yordani alipofungua sanduku alicheka kama mtoto, akasema mdogo wake kampa heshima. Niliacha sifa ziende kwa Obadia, nikaona namtendea wema. Siku ya tatu alikuwa anatoboa fremu ya chuma, biti ikakatika, kipande kikaingia jichoni. Na lawama nayo nikaiacha iende kulekule zilikokwenda sifa.

Shemeji Obadia, najua umefika hapa na unataka kuruka. Usiruke. Soma kwa sauti mama asikie: Hilaria ndiye aliyebadilisha. Uliliona lile sanduku karakanani ukajua siku ileile ya wodini, ukanyamaza kwa ajili ya mtoto, na mimi nikakuacha unyamaze miezi mitano.

Yordani nilimwambia Jumapili tulipotoka kanisani. Hakunipiga. Alileta lile sanduku akaniambia nimhesabie kwa sauti, kama nilivyohesabiwa mimi vyombo. Nikahesabu, wateja wamesimama. Zilikuwa mia na kumi na tisa. Akasema, "Hazijatimia. Hesabu tena." Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, nahesabu. Angel anadhani ni wimbo, nikifika kumi anapiga makofi. Jana Yordani alimtazama akipiga makofi, midomo ikamcheza kidogo. Mimi nimeshikilia hapo.

Mama, sikuombi unitetee. Mpe Obadia radhi yake leo, kabla hajaikunja hii karatasi. Kisha utume mtu Mashewa kwa akina Ritha, maana posa ikitumwa na wewe mwenyewe watafungua mlango. Ukiamua mimi nirudi kwetu, nitarudi. Ila Angel bado ananyonya, naomba niende naye mpaka aache.

Wasalimie majirani wote, na uwape pole ya kilimo. Msalimie na shangazi Getruda. Mwambie zile sahani zangu sita zote bado nzima.

Ni mimi mkweo,
Hilaria, mama Angel