Nizibe Mwanya Aliokuwa Akiupenda Marehemu?

Shangazi, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijakaa kwenye kiti cha daktari wa meno, maana nikishakaa pale na ile taa ikaniwakia usoni sijui kama nitakuwa na ubavu wa kusema hapana, na nikisema ndiyo sijui kama nitaweza kurudi nyuma.

Mimi ni mjane, fundi wa kushona, nina kichumba changu cha cherehani mbili chini ya jengo la ghorofa, kati ya saluni na duka la kutoa kopi, na nina mwanya. Si kamwanya, Shangazi, ni mwanya hasa, ule wa mbele kabisa, nilizaliwa nao, tangu shule wananiita Mlango Wazi na sikuwahi kuuchukia hata siku moja, kwanza ulikuwa unanisaidia kazi, uzi naukatia hapohapo, pini naibana hapohapo mikono ikiwa imejaa kitambaa, na pili ndio ulionipatia mume.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi umeme. Alikuja kutengeneza taa ya pale kazini, akapanda juu ya kiti, akashika waya, mimi nikacheka sijui hata nilicheka nini, akanitazama akasahau alichokuwa anafanya, nusura apigwe shoti. Tangu siku hiyo akawa anauita "mwanya wangu", yaani wake yeye. Nikinuna ananiambia, "Nuna upendavyo, lakini niachie mwanya wangu nje." Nikiwa naongea na simu anakuja kukaa mbele yangu anafanya vituko mpaka nicheke auone. Hata alipokuwa anaumwa, wiki ile ya mwisho hospitali, sauti imeshamkatika, alikuwa ananiwekea kidole hapa kwenye mdomo, nami naelewa, nacheka, Shangazi, machozi yananitoka huku nacheka, maana ndicho alichokuwa anataka. Kisha akaenda zake. Nina hamu naye mpaka mwili unauma. Watu wanasema muda unatibu, mimi naona muda umenizoesha kuficha tu, bado nalala upande wangu wa kitanda, na nikisikia mtu anapanda ngazi za lile jengo kwa kurukaruka kama alivyokuwa anapanda yeye, mguu unaganda juu ya cherehani mpaka mteja aniulize kama naumwa.

Sasa kuna mwalimu. Anafundisha hesabu shule ya sekondari ya hapo jirani, waliachana na mkewe zamani, watoto wake ni watu wazima. Alianza kwa kuleta suruali ya kupunguza. Akaleta nyingine. Akaleta na ile ile niliyokwisha kuipunguza, eti sasa niiongeze. Jirani yangu wa saluni akaniambia, "Wewe, huyu hana shida ya suruali, akiendelea hivi ataingia darasani na kaptura." Nikaangua kicheko, kumbe mwalimu amesimama mlangoni, akaniona, akasema taratibu kabisa, "Nilikuwa naomba siku moja ucheke. Huo mwanya ndio unaonirudisha hapa."

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Na tangu siku hiyo kila akija naziba, naongea nimeinamisha uso kwenye kitambaa, mwenyewe anadhani simtaki, na haki ya Mungu, Shangazi, namtaka. Asipopita siku mbili nashona mikono kinyumenyume. Ana upole fulani, akikaa kwenye lile benchi la wateja hata kelele za saluni sizisikii. Lakini kila nikitaka kumchekea namwona mume wangu juu ya kile kiti, ameshika waya, ananitazama, na moyo unaniambia, mwanya wa mwenzio huo unaugawa.

Na sasa mambo yameharakishwa, mwalimu amepata uhamisho, shule zikifungwa anaondoka, amenitamkia wazi kwamba anataka kunioa, niwe tayari leo au niwe tayari mwakani yeye atangoja, ila anaomba neno moja kutoka kwangu kabla hajapanda gari. Nimemwambia nipe nafasi nifikirie. Nilimwambia nikiwa nimeziba mdomo. Akaondoka ameinamisha kichwa, na suruali yake akaisahau.

Ndipo nikapata wazo. Nikauzibe. Nikiuziba, marehemu atakuwa ameondoka na chake, na huyu akinipenda atanipenda kwa kitu ambacho marehemu hakukigusa, na mimi nitacheka kwa mdomo mpya bila deni kwa mtu. Nikaanza kuzunguka. Daktari wa kwanza akasema ataongezea meno yangu kwa dawa laini ya rangi ya jino, anaikausha kwa taa ya bluu, naingia asubuhi mchana natoka bila mwanya, ila inaweza kubanduka. Wa pili akasema yeye anabandika vigamba vyembamba mbele ya meno, vinang'aa hasa, utadhani mtangazaji wa televisheni, lakini kwanza atanisugua meno kidogo yapungue, vikae vizuri. Wa tatu akasema hao wote wananifichia tu mwanya, dawa ni kuvuta meno yenyewe, ama kwa waya zile za kuonekana, ama kwa plastiki angavu inayovaliwa juu ya meno, mwaka mzima au zaidi, na bei ya hiyo plastiki nilijifanya sijaisikia. Jirani wa saluni akaniambia nisijisumbue, ameona kwenye simu wasichana wanafunga meno mawili ya mbele kwa kampira kadogo, yanakutana yenyewe. Akanipa kampira, kako kwenye mkoba, bado sijakafunga.

Mwanya wenyewe siku hizi umezidi, zamani pini ilikuwa inakaa, sasa inadondoka, hii miaka tangu nifiwe ndiyo umetanuka hivi, na nikipiga mswaki natema damu kidogo, nadhani ni umri na mawazo. Kwa madaktari sikuisema hiyo damu, niliona aibu, nilisukutua vizuri kabla ya kuingia.

Naishi na mama mkwe wangu, hajui lolote. Juzi tunakunja nguo akaniambia, "Mwanangu, mbona umeacha kucheka? Nyumba imepoa." Nikakimbilia jikoni nikafungulia maji asinisikie.

Shangazi, niambie nizibe kwa njia ipi ambayo itawahi kabla shule hazijafungwa. Na niambie ukweli, nikimchekea mtu mwingine, nitakuwa nimemsaliti mume wangu?

Mimi Mlango Wazi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na si pole ya mdomoni. Barua yako nimeirusha foleni, waliotangulia mnisamehe, wenye ugomvi wa mawifi wanaweza kungoja wiki moja zaidi, ila shule zikifungwa zimefungwa.

Weka gazeti chini, fungua mkoba, toa hako kampira ukatupe. Sasa hivi, nakusubiri. Kampira hako hakakai pale ulipokafunga, kanateleza, kanapanda chini ya fizi usikokaona, kanakula mfupa unaoshika jino, na siku utakayokagundua meno yote mawili yanacheza. Hapo utakuwa na mwanya wa kuingiza kidole gumba. Na huyo jirani yako mwambie salamu zake nimezipata, ashike nywele, meno awaachie madaktari.

Umetupa? Haya. Sasa nikugombeze. Unatema damu, meno yanaachana, pini iliyokuwa inakaa sasa inadondoka, halafu unakwenda kwa madaktari watatu na kwa wote watatu unasukutua kwanza ili wasione! Loo! Nguo ikipasuka kwapani mteja wako anaificha kwa mkono unapompima? Nimempigia daktari wa meno ninayemwamini, nikamsomea kipande hicho bila kumwambia ni nani. Akaniambia hivi: mwanya wa kuzaliwa hukaa ulivyo, lakini mwanya unaotanuka ukubwani, tena na damu juu yake, mara nyingi ni fizi zinazougua na kuachia meno. Si umri huo, wala si mawazo. Na kwenye fizi zinazougua hutakiwi kubandika, kujaza wala kuvuta chochote mpaka zitibiwe. Kwa hiyo ile haraka yako imekufa yenyewe. Hakuna njia hata moja itakayowahi kufungwa kwa shule.

Najua utaniuliza tu, Shangazi, baada ya kutibiwa je? Sikiliza. Hiyo dawa laini ndiyo yenye huruma, kwa kawaida jino halisuguliwi, na siku ukijuta huweza kuondolewa, lakini hubanduka na kubadilika rangi, na wewe unakata uzi kwa meno mchana kutwa, itakaa wiki ngapi? Una mkasi wa nini, mwanangu, wa kufungulia barua? Vigamba vinapendeza kweli, ila jino likishasuguliwa halioti tena, ukijuta unajuta nalo maisha. Waya na plastiki zinasogeza jino lenyewe, ndiyo, lakini zinataka subira ndefu, na zikitoka unavaa kizuizi, la sivyo meno yanarudi yalikotoka. Hiyo plastiki ndiyo kabisa, inataka kukaa kinywani usiku na mchana, unaivua ukila na ukipiga mswaki. Kati ya hizo mimi sikuchagulii. Atakuchagulia daktari aliyeziona fizi zako na hiyo damu, na utachagua siku ambayo unataka meno. Leo hutaki meno, leo unataka ruhusa.

Basi tuongee hiyo ruhusa.

Unasema mwanya ni wa marehemu. Mwanangu, watoto wa shule walikutania huo mwanya wakati huyo fundi umeme hujamjua hata kwa jina. Ni wako. Yeye kuuita "wangu" yalikuwa mahaba, na mahaba matamu, nimesoma nikatabasamu peke yangu hapa ofisini, lakini mahaba si hati ya kiwanja. Tena wewe mwenyewe umeniandikia kwamba umetanuka tangu ufiwe. Basi huo alioupenda mwalimu pale mlangoni mume wako hakuwahi kuuona, aliuacha ukiwa mwembamba. Sikwambii hivyo uushangilie ugonjwa, nakwambia uone kwamba hata huo unaomlindia umebadilika wakati wewe umekaa naye moyoni. Wewe pia umebadilika. Ndiyo maana unaweza kumpenda mtu ambaye yeye hakumjua.

Na ukiuziba, unadhani utapumzika? Utaamka asubuhi, utajitazama kwenye kioo, utamlilia mume na utaulilia mwanya. Msiba mmoja unakushinda, wa pili utaupeleka wapi?

Umeniuliza kama utamsaliti ukimchekea mwingine. Hapana. Mtu yuko kitandani, sauti imemkatika, pumzi anazihesabu, na kitu pekee anachoomba ni kukuona umecheka. Aliomba ucheke mpaka siku ile tu, kisha uufunge mdomo kama duka la marehemu? Hebu acha. Na huyo aliyemzaa, mama mkwe wako, amekaa na wewe anakunja nguo, anakuomba kitu kile kile alichokuomba mwanawe. Mama wa watu amekupa ruhusa mkononi, wewe ukakimbilia kufungulia maji. Mwambie. Mwambie yeye kabla hajaambiwa na saluni.

Haya, fanya hivi. Kesho tafuta daktari mmoja, usisukutue, mwambie damu na mwambie tangu lini, akusafishe fizi na akupe ratiba, uifuate hata ikiwa ndefu. Uzi kata kwa mkasi, pini chomeka kwenye kijimto kama mafundi wenzako. Jioni kaa na mama mkwe, mweleze yote. Halafu chukua ile suruali aliyoisahau mwalimu, hata kama hujaimaliza, umpelekee mwenyewe mpaka getini kwao, usimtume mtu.

Ukifika, shusha mkono. Machozi yakikujia yaache yatoke, yeye si mtoto. Mwambie kwa nini ulikuwa unaziba mdomo, mwambie na la fizi, maana huenda daktari siku moja akalazimika kuuziba huo mwanya, naye anatakiwa ajue anamwoa mwanamke, haoi nafasi kati ya meno. Mwambie unamlilia mume wako na unamtaka yeye, yote mawili, na kwamba hilo la kwanza halitaisha. Akishindwa kulibeba, bora ujue ukiwa hapo getini.

Nenda tu, mwanangu. Usimwache mtu aondoke mjini akidhani hapendwi, na wewe umekaa nyuma ya cherehani unampenda.