Vyumba Kumi kwa Kila Abiria

Mbamba Bay,
14 Juni 1993

Kaka Egidi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu, si ndugu yetu Tereza, si Mama. Ukimaliza, itie motoni.

Shikamoo kaka. Habari za Mbinga na baridi yake? Kifua chako kimepona? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sipati.

Unajua kwamba tangu Machi mimi ni karani wa boti ya Bwana Nathanieli, ile ya abiria na mahindi inayokwenda Mbaha kando ya ziwa tangu watu binafsi waruhusiwe biashara hiyo. Sikukuambia nilivyoipata kazi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe umemaliza kidato cha nne. Utanipangia utaratibu wa mizigo?" Niliona aibu kusema sijui. Nikasema naweza. Nikarudi nilipopanga, nikatoa daftari letu la mchezo.

Ndiyo, lilelile. Ule mchezo wa dadu na mashujaa uliotoka nao seminarini, wewe ukawa mwamuzi wetu likizo nzima. Nilinakili ukurasa wako wa mizigo neno kwa neno. Kila shujaa ana vyumba kumi vilivyochorwa kwa rula. Upanga unajaza chumba kimoja, kamba kimoja, gunia vitatu. Kumi vikijaa, kinachozidi anakiacha njiani. Chakula hakiandikwi. Palipoandikwa "shujaa" nikaandika "abiria". Nikatia sahihi, Bwana Nathanieli akagonga muhuri, karatasi ikabandikwa gatini.

Sasa watu wameshajifunza. Kila kitu ni chakula. Jana baba mmoja alifika na magunia matano ya mahindi. Nikamwambia, "Baba, vyumba vyako vimejaa." Akasema, "Karani, huu si mzigo. Huu ni ugali ambao haujapikwa." Gati zima likacheka, na karatasi iko upande wake.

Boti ina mstari mweupe ubavuni, wa kuonyesha mwisho wa mzigo. Mwezi wa nne nilikuwa nauona. Wiki hii siuoni, umezama, na upepo wa Mwera, ule wa kusini unaoinua mawimbi, umeanza.

Nijibu upesi kaka. Ile kumi uliitoa wapi? Na kwa nini chakula hakihesabiwi?

Mdogo wako,
Lidia


Mbinga,
20 Juni 1993

Mdogo wangu Lidia,

Marahaba. Kifua kimetulia kidogo. Mama hajambo, anakulaumu kwamba huandiki, nami nimenyamaza kama ulivyotaka. Kahawa imeanza kushuka kutoka mashambani na wanunuzi wapya wamejaa kila kona, kila mmoja na mizani yake.

Barua nimeichoma. Mwanzoni nilicheka peke yangu nikikumbuka Tereza na yule shujaa wake mwenye shoka mbili. Kisha nikaisoma tena, nikachukua kalamu.

Nakujibu. Kitabu cha yule mwalimu wa kujitolea aliyetufundisha mchezo seminarini kilihesabu uzito kwa sarafu, mamia kwa mamia, na kugawanya kulikuwa kunatuchosha. Nikaweka kumi kwa sababu ukurasa wa daftari uliingia vyumba kumi vizuri. Hakuna sababu nyingine. Chakula nilikifuta siku Tereza alipolazimika kuacha mikate ili abebe taa, akalia, akaondoka na dadu zetu mfukoni. Nilitaka mchezo uendelee, basi.

Lakini Lidia, hata ukikirudisha chakula, kanuni ile haifai. Mashujaa wetu walitembea kwa miguu. Walipozidi, walibeba zaidi. Hatukuuliza hata siku moja ardhi inabeba kiasi gani, maana ardhi haizami. Kwenye karatasi yako abiria kumi wakiongezeka, vyumba mia vinaongezeka, na wao wenyewe hawajahesabiwa!

Mwambie bosi wako leo. Mstari mweupe ndiyo kanuni. Ukizama, mtu mmoja au gunia moja lishuke.

Kaka yako,
Egidi


Mbamba Bay,
25 Juni 1993

Kaka Egidi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi nipo, nashukuru Mungu.

Nilimwambia. Sikutaja mchezo, kaka, ulimi ulikataa. Nilisema tu kwamba nilikosea hesabu. Alikuwa anakula, hakuacha hata kutafuna.

"Ulikosea lini?"

"Machi, bosi."

"Tangu Machi boti imekwenda Mbaha mara ngapi?"

"Kumi na nne."

"Imerudi mara ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi ulikosea vizuri, binti yangu. Endelea kukosea hivyohivyo." Wenzake wakacheka. Kisha akainua kidole chenye mafuta akaonyesha ile karatasi. "Na sahihi ile si yangu. Mimi sikusoma hadi kidato cha nne."

Alhamisi tarehe mosi ni safari kubwa. Watu wa Mbaha waliopanda milimani kuvuna na kununua mahindi wanarudi nayo makwao, chakula cha mwaka mzima. Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa dagaa. Nitapima kila kitu. Lakini wakiniuliza kwa amri ya nani, nitasema nini? Kanuni iliyobandikwa ni yangu mwenyewe.

Mdogo wako,
Lidia


Mbinga,
28 Juni 1993

Mdogo wangu Lidia,

Natumaini u mzima. Sina muda, gari linaondoka.

Unakumbuka mwamuzi alivyokuwa na ruhusa ya kufuta kanuni mbovu, hata katikati ya vita? Alisimama, akasema mbele ya wote, na wachezaji wote walitii. Basi naifuta. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya Bwana Nathanieli. Nimemweleza yote: mchezo, daftari, vyumba, kwamba aliyetunga ni mimi, mwalimu wa hesabu, na kwamba nakala yake naipeleka kwa mkuu wa polisi wilaya. Jina langu na anwani yangu vipo. Mpe mbele ya abiria. Isome kwa sauti. Usibaki peke yako na jambo hili.

Kaka yako,
Egidi


Tingi,
4 Julai 1993

Kaka Egidi,

Shikamoo. Sijui nianzeje kukuuliza hali.

Barua yako ilifika Ijumaa. Gari lilikatika ekseli mlimani, Othmar dereva akalala nalo siku nne. Boti iliondoka Alhamisi.

Nilipima, kaka. Naomba ulijue hilo. Nilisimama na mizani gatini nikasema leo na chakula kinahesabiwa. Waliniita mchawi. Mama mmoja, Serafina wa Mbaha, alikuwa na magunia mawili. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ni chakula, na karatasi yako inasema chakula ni bure. Leo nimekukosea nini?" Mstari ulipogusa maji, watu ishirini na magunia yao walikuwa bado nchi kavu. Ndipo Bwana Nathanieli akafika. Akaishika ile karatasi, akaisoma kwa sauti mbele yao, kanuni zote, mpaka jina langu. "Karani ameandika. Pandeni."

Walipanda wote. Nami nilisimama pale na mizani mkononi. Ningeweza kupiga kelele kwamba ni mchezo wa watoto. Niliogopa wasinicheke.

Mbele ya Liuli Mwera uliwakuta. Nahodha aliamuru magunia yatupwe. Walitupa karibu yote, kaka, na kina baba walikuwa wanalia wakitupa. Boti ilifika. Mama Serafina peke yake hakufika. Alilikumbatia gunia lake la pili, akasema hiki hakihesabiwi, na wimbi lilipolaza boti upande, alikwenda nalo.

Bwana Nathanieli amepeleka polisi karatasi yenye sahihi yangu, kosa lote liwe langu. Wenye mahindi yaliyotupwa wamekuja mara mbili nilipopanga, nikatoroka kwa mlango wa nyuma.

Daftari ninalo. Nataka nilipeleke mwenyewe wilayani pamoja na barua yako, niseme lote, hata wakicheka. Lakini peke yangu sitafika mlangoni, najijua. Njoo unichukue.

Usiandike tena Mbamba Bay, nimekuja kujificha hapa Tingi. Panda gari la Othmar Jumanne, mwambie akushushe Tingi kwenye njia panda ya kanisani. Usiulize jina langu kwa mtu yeyote. Uliza kwa mama Ottilia, mshona sare za kwaya. Atakuuliza umekuja kupima nini. Sema umekuja kumchukua mdogo wako. Nitakuwa chumba cha nyuma, nimeshavaa viatu.

Mdogo wako,
Lidia