Mdogo Wangu Kwenye Mstari wa Kipaimara

Kanazi, Jumapili

Mdogo wangu mpenzi Aristides,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Goziba, na kile kifua kimepona? Sisi wazima. Kahawa ya kibanjani imeiva, ila mvua hainipi nafasi ya kuianika.

Mdogo wangu, nina hasira hata rozari siimalizi. Juzi vijana wanaolelewa na walezi, kama sisi zamani, waliitwa na kamati ya ustawi wa jamii kikaoni Bukoba waseme malezi hayo yaboreshwe vipi. Niliwasindikiza. Binti mmoja, Sayi, yatima wa mvuvi, akaomba ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, maana yeye yuko Nshambya na mdogo wake wanataka kumpeleka Muleba kwa mlezi mwingine. Mwenyekiti akasema, "Binti, umekula kwa watu ukanenepa, bado unadai?" Ukumbi ukacheka!

Nikasimama bila kuitwa. "Baba, mimi na mdogo wangu tulipata kipaimara siku moja, mstari mmoja. Nikamfokea asinikanyage. Sikujua ni damu yangu mpaka ukubwani, maana mlitugawa kama vifaranga."

Akanijibu, "Mama, hayo ni ya zamani." Ya zamani, na Sayi analia mbele yake!

Mwisho wa mwezi tunarudi, ndipo kamati iamue kuhusu Sayi na mdogo wake. Najua hupendi tuyaseme haya, na siku zote nimekustahi. Safari hii panda boti, uje usimame kando yangu, watuone wawili. Nijibu upesi, tafadhali.

Dada yako akuombeaye,
Klaudia