Uzi wa Kijani kwenye Saa ya Jecha

Tanga, 20 Machi 1937

Kwa mdogo wangu mpenzi Mwanamize binti Nyange,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Vipi hali zenu, na kikohozi cha mama mkwe wako Bi Kazija? Mie mzima, ila cherehani yangu ndiyo inayokohoa.

Mdogo wangu, nina jambo na sijui nilianzie wapi. Jana kaja hapa ninaposhonea mtu mmoja, Vuai jina lake, mkata mkonge kutoka mashamba ya bara. Anatutafuta sisi Wapemba. Anasema kambini kwao alikuwako mwenzao aliyekufa kwa homa siku chache kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika. Jina lake hawalijui, kwani huko kila mtu huitwa kwa jina la kwao, na yeye alikuwa "Mpemba", basi. Alichoacha ni saa ya mkono, na Vuai anataka iwafikie jamaa zake.

Saa hiyo ninayo hapa. Uso wake wa kahawia, kama kifuu cha nazi. Nambari zake za manjano yaliyofifia. Mkanda wa ngozi, na uzi ulioshonewa ni mweupe, umekatikakatika. Mie saa ya Jecha niliiona mara moja tu, siku ya harusi yenu, wala siikumbuki. Na shemeji hatujamsikia tangu alipovuka kuja bara kutafuta kazi mwaka juzi. Hebu niambie, yake ilikuwaje? Naomba Mungu isiwe hii.

Kaka yako,
Soud

*

Shumba Viamboni, 4 Aprili 1937

Kwa kaka yangu Soud,

Salamu zimefika na nyingine pokea. Watoto wazima. Bi Kazija kikohozi kimemwacha, sasa ana nguvu za kuuliza wewe utaoa lini.

Barua yako nimeipata. Niliisoma jikoni, wali ukaungua. Halafu nikafika kwenye rangi, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kaka, saa ya Jecha nyeusi! Nyeusi tii, kama masizi ya chungu. Na nambari zake za kijani, tena zinang'aa gizani. Tulipooana tulijifunika kanga mchana kweupe tuzione zinavyong'aa, mpaka Bi Kazija akatugongea mlango akidhani tunaumwa. Na mkanda niliushona upya mie mwenyewe siku anaondoka, kwa uzi wa hariri wa kijani uliobaki kwenye kanzu yake. Sasa kahawia na uzi mweupe vinahusu nini hapa? Au huko Tanga macho yameota ukungu?

Maskini huyo marehemu, Mungu amrehemu. Lakini kaka, mtafute mkewe upesi. Uliza watu wa Kojani, uliza wa Msuka, uliza kote. Yuko mwanamke mahali anajipamba na mumewe yuko kaburini. Anatakiwa akae eda yake. Usimcheleweshe, utabeba dhambi bure.

Jecha atarudi. Alisema karafuu zikishika bei tu atarudi, na mume wangu hajaniongopea hata siku moja.

Nduguyo,
Mwanamize

*

Tanga, 2 Mei 1937

Kwa mdogo wangu Mwanamize,

Salamu, na wote nyumbani nawaombea heri. Mie si mgonjwa, ila cherehani nimeifunika.

Nilitaka kufanya kama ulivyosema. Lakini kwanza niliipeleka saa kwa fundi wa saa wa mtaani kwetu. Akaigeuza, akaniambia saa hii ilitoka dukani ikiwa nyeusi. Anasema uso mweusi ukikaa juani miaka hubadilika, kama kaniki inavyochujuka kwa kufuliwa. Na zile nambari za kung'aa nazo huchoka, zikazimika moja kwa moja. Akanionesha nyingine mbili za watu wa mashamba, nazo vilevile.

Sisemi kuwa ni yake, mdogo wangu. Nasema rangi haitupi ushahidi. Saa nampa jirani yangu Duni, anakuja huko kwa dada yake, akukabidhi mkononi. Itazame mwenyewe, wewe uliyeishona. Nisamehe.

Kaka yako,
Soud

*

Tanga, 10 Juni 1937

Mwanamize,

Hamjambo nyote? Mbona kimya? Dada yake Duni kaleta salamu kuwa saa ulikabidhiwa. Umenikasirikia? Basi nitukane, nitapokea, lakini niandikie.

Kaka yako,
Soud

*

Shumba Viamboni, 11 Julai 1937

Kwa kaka yangu Soud,

Salamu. Watoto hawajambo. Mie usiniulize.

Saa ililetwa na sikuitazama. Niliitia ndani ya kasha, chini ya nguo, vilevile ilivyofungwa, na nikakuchukia, nakwambia kweli. Nilisema Soud anataka kunifisha mume kwa maneno ya fundi. Nikazidi kujipamba kwa ukaidi. Siku ya Maulidi nilijipaka wanja, nikatia asumini kichwani, nikafukiza udi chumba kizima, nikamwambia Bi Kazija, "Huenda leo."

Juzi nikasikia Duni anarudi Tanga. Nikaona nimpe airudishe saa ya watu. Kuifungua, mkanda unaning'inia. Nikamhurumia mke wa yule maiti, nikasema mwanamke mwenzangu asipokee kitu kibovu, ngoja niushone. Nikaanza kufumua uzi wa zamani kwa sindano. Kwa nje mweupe kweli, kama ulivyosema. Nikafika pale mkanda unapojikunja kushika chuma cha saa, pale jua halifiki. Kijani. Kijani kibichi, Soud, kama nilivyouacha. Na fundo langu lilelile la kuzungusha mara mbili, ambalo Jecha alikuwa akinicheka kuwa nafunga saa kama nafunga mbuzi.

Nilipiga ukelele majirani wakajaa. Bi Kazija aliishika ile saa kifuani mpaka usiku. Jua gani hilo kaka, la kuifanya saa nyeusi iwe vile? Na yeye aliyeivaa, likamfanyaje?

Nikataka kuingia eda siku ileile. Nikampelekea habari Shehe Humoud anielekeze. Kanijibu kuwa eda, miezi minne na siku kumi, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Yangu imeshakwisha, imekwisha mwezi uliopita, nami nina wanja machoni. Kasema niko huru. Huru ya nini, Soud? Mume wangu hata kumkalia eda sikumkalia! Wewe uliniletea habari mapema, mie nikaifungia kashani. Na nikakuandikia kwa mkono wangu kuwa mwanamke huyo asicheleweshwe.

Mkanda nimeushona tena. Kipande cha ule uzi kilikuwa kimebaki kwenye kopo la sindano. Saa inanipwaya lakini naivaa nikienda shamba, acha jua linipige na mie.

Yule Vuai akija tena hapo unaposhonea, mpe salamu zangu. Mshukuru kwa kumwosha na kumzika. Mengine usimwambie. Mwambie tu mke wa Mpemba kapatikana.

Nduguyo,
Mwanamize